Rangi Haibanduki Bure: Yanayotokea Kati ya Chuma na Vazi Lake

Ukikuta rangi imebanduka kwenye mlango wa chuma, okota gamba moja, ligeuze, utazame mgongo wake. Wengi hutazama upande wenye rangi peke yake, kisha kesi inaanza: mwenye mlango anasema fundi alichakachua, fundi anasema rangi ilikuwa feki, aliyeuza rangi analaumu jua. Ushahidi uko mgongoni. Ukiona vumbi la kahawia limeganda pale, si rangi iliyoachia, ni kutu iliyoachia chuma. Yaani ilikuwa imeshika kitu ambacho chenyewe hakijashika. Ukiona mgongo safi, laini kama umemiminwa juu ya kioo, rangi hiyo haikuwahi kushika chochote tangu siku ya kwanza. Na ukiona chuma nacho kimebaki na rangi, rangi huku na rangi kule, basi utando ulichanika katikati ya mwili wake wenyewe huku mshiko wake kwa chuma ukiwa mzima.

Hayo ni makosa matatu, na kila moja lina dawa yake. Ila yote yanahitaji kitu cha kuyasukuma. Rangi isiyoshika vizuri inaweza kukaa mahali pake kwa miaka, mfano wa karatasi iliyolazwa mezani, mpaka ivutwe. Sasa nani anaivuta? Mlango umesimama, hakuna anayeugusa, na rangi inajiinua yenyewe. Hapo ndipo watu wengi hupotea.

Ngoma iliyowambwa

Wahandisi wana neno kwa kinachovuta: mkazo. Kwa lugha nyepesi ni nguvu iliyomo ndani ya kitu, ikihesabiwa kwa eneo inalopitia. Mzigo uleule ukiuning'iniza kwa uzi, kisha kwa kamba nene, uzi ndio wenye mkazo mkubwa zaidi, kwa kuwa nguvu ileile imesongamana mahali padogo. Mkazo una sura mbili zinazotuhusu. Kuna mvuto, pale kitu kinapotanuliwa kuliko kinavyotaka, na kuna mgandamizo, pale kinapobanwa kuliko kinavyotaka.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mkazo lazima uletwe na mzigo kutoka nje. Tazama ngoma. Ngozi iliyowambwa barabara imetulia kimya, hakuna mkono juu yake, lakini kila sehemu inavutana na jirani yake. Itoboe kwa ncha ya kisu uone: tundu linageuka mpasuko kabla hujachomoa kisu. Utando juu ya chuma uko vivyo hivyo. Na nikisema utando nina maana ya vazi lolote jembamba linalokinga chuma: rangi, zinki ya kwenye mabati, kromu inayong'aa kwenye usukani wa baiskeli, enameli ya kwenye vikombe, hata ule unga wa plastiki unaookwa juu ya fremu za viti.

Ngoma huwambwa na mtu. Rangi huwambwa na nani? Huwambwa na kukauka kwenyewe. Ikiwa bado majimaji inatiririka itakavyo. Kiyeyushi kinaporuka hewani, au gundi yake inapofungamana na kigumishi, ujazo unapungua. Ingekuwa huru, rangi ingesinyaa kila upande kama ngozi mbichi iliyoanikwa. Lakini chuma hakisinyai, na rangi imeshikamana nacho, hivyo inaachiwa kupungua unene tu. Kwa urefu na upana inabaki imetanuliwa. Siku fundi anapokusanya brashi zake na kuomba malipo, utando tayari umekaza.

Jambo hili lilipimwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1909 George Gerald Stoney, mhandisi wa Ayalandi aliyefanya kazi na mitambo ya mvuke, aliandika juu ya tando za metali zinazowekwa kwa umeme. Ilishajulikana kwamba nikeli ikiwekwa nene kupita kiasi hubanduka bila kuguswa na kujiviringisha. Stoney alichukua vipande vyembamba vya chuma, akavivika nikeli upande mmoja tu, kisha akapima vilivyopinda. Nikeli, nyembamba kuliko unywele, ilikuwa inakivuta kipande kizima kiinamie upande wake! Kutokana na kiasi cha kupinda akakokotoa mkazo uliokuwemo, na njia yake ya hesabu bado inatumika mpaka leo.

Kwa nini mikono mitano hushindwa na miwili

Sasa tuuguse uzushi unaogharimu watu kuliko mwingine wote: kwamba ukipaka nene unakinga zaidi. Una chembe ya ukweli, na ndiyo maana hauishi. Utando mwembamba mno huwa na vitundu, na maji hupita humo. Lakini kuna mpaka, na ukiuvuka, kila mkono wa rangi unaouongeza unafanya kazi ya adui.

Chukulia watu wanavuta kamba, na upande wa pili kamba imefungwa kwenye msumari mmoja. Mkono wa kwanza wa rangi ni kundi la kwanza la wavutaji. Mkono wa pili ukikauka, nao unasinyaa, kundi la pili limeingia. Wa tatu vivyo hivyo. Msumari haujabadilika. Msumari huo ni ule mstari mwembamba ambapo rangi ya chini kabisa inagusa chuma, na nguvu yake ya kushika haiongezeki hata chembe kwa kuwa juu yake kumepakwa zaidi. Ukiihesabu, nishati iliyolimbikizwa ndani ya utando juu ya kila sentimita ya mraba huongezeka sambamba na unene: unene mara mbili, nishati mara mbili. Mkazo ukiongezeka mara mbili nishati inakuwa mara nne. Ikifika siku nishati hiyo inatosha kulipia gharama ya kung'oa mshiko, utando unang'oka, na hauhitaji ruhusa ya mtu.

Ndiyo maana unaweza kuona geti lililopakwa kila mwaka likivua mikono yote kwa mpigo, kama gome la mti, hadi chuma kitupu. Anayelaumiwa ni fundi wa mwisho. Maskini, yeye kaongeza kundi moja tu la wavuta kamba. Msumari ulilegezwa na yule wa kwanza ambaye hakusafisha chuma, na hakuna anayemkumbuka.

Daraja la reli la Forth huko Uskoti, lililofunguliwa mwaka 1890, lilikuwa limegeuka mithali ya kazi isiyokwisha: ilisemwa kwamba wapakaji wakifika mwisho wanarudi mwanzo. Katika ukarabati mkubwa wa kati ya 2002 na 2011 wahandisi hawakuongeza mkono mwingine juu ya ile ya zaidi ya karne nzima. Waliondoa rangi zote za zamani kwa kurusha chembe ngumu kwa upepo, chuma kikabaki kitupu, ndipo wakapaka mikono mitatu ya mfumo wa epoksi (rangi ya gundi ngumu inayochanganywa na kigumishi) wenye vigae vidogo vidogo vya kioo, unaotarajiwa kudumu zaidi ya miaka 20. Kwangu mimi funzo kubwa la kazi ile liko kwenye walichokitoa kuliko walichokipaka.

Kwa hiyo kiwango sahihi ni kipi? Kimeandikwa kwenye mkebe au kwenye karatasi ya maelezo ya rangi, kwa mikroni. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Watengenezaji wengi hutaja unene wa chini na wa juu, na huo wa juu ndio watu wanaouruka wakisoma.

Jua linasingiziwa

Chuma kikipata joto kinarefuka. Kila mita moja huongezeka kama mikroni 12 kwa kila digrii ya Selsiasi. Ni kidogo, lakini kinajumlishwa. Mnara wa Eiffel wa Paris ni wa chuma. Chukua mita 300 za urefu wake, joto lipande digrii 30, zidisha, utapata karibu sentimita 11. Mnara mzima unakua na kusinyaa, na rangi iliyo juu yake, ambayo hupakwa upya takriban kila miaka saba, lazima imfuate mwenyeji wake popote anapokwenda.

Tatizo ni kwamba kila kitu kina kiwango chake cha kutanuka. Aluminiamu ni kama mikroni 23 kwa mita kwa digrii, zinki karibu 30, na rangi nyingi za epoksi hufika 50 na kuendelea. Rangi na chuma ni kama watu wawili waliofungwa mguu kwa mguu, mmoja ana hatua ndefu na mwenzake fupi. Mradi wote wamesimama, hakuna ugomvi. Wakianza kutembea, kamba inayowafunga ndiyo inayoumia.

Sasa fikiri kwa makini ni saa ngapi kamba hiyo inaumia zaidi. Mchana, rangi inataka kurefuka kuliko chuma. Ule mvuto wa tangu siku ya kukauka unalegea, na tena rangi yenyewe imelainika kwa joto. Usiku wa baridi mambo yanageuka. Rangi inataka kusinyaa mara nne ya chuma, chuma kinakataa, mvuto unapanda, na wakati huohuo baridi imeifanya rangi iwe kavu na ngumu, haina mnyumbuko wa kujitetea. Nyufa nyingi huzaliwa kwenye baridi. Jua lina hatia yake, maana mionzi yake huharibu minyororo ya molekuli na kuikausha rangi mwaka hadi mwaka, lakini kazi ya kupasua mara nyingi huimalizia baridi. Asubuhi watu wanaziona nyufa, juu kuna jua, basi wanamkamata aliyepo.

Waliotengeneza enameli waliigeuza kesi hii kwa akili ambayo naipenda sana. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa joto la takriban digrii 800. Kioo kikivutwa ni dhaifu, kikibanwa ni shujaa. Basi wakachagua kioo kinachosinyaa kidogo kuliko chuma. Kikombe kikipoa kutoka tanuruni, chuma kinasinyaa zaidi na kukibana kioo kila upande. Kioo kinaishi maisha yake yote kikiwa kimebanwa, ndiyo maana kinavumilia moto na maji baridi kwa miaka.

Chukua sasa kikombe cha enameli kilichozeeka ukitazame kwa karibu. Kidoa cheusi cha palipobanduka hakiko tumboni. Kiko kwenye ukingo wa mdomo, au kwenye mshikio, au pale kilipodondoka. Si bahati mbaya. Ukingo ni mviringo mkali, na kitu kinachobanwa juu ya mviringo hutafuta njia ya kuruka nje, kama mbegu inayoteleza kati ya vidole viwili. Na palipodondoka, chuma kilibonyea, kioo kikalazimishwa kupinda na kuvutwa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kilichobaki ni kidoa cha nusu mwezi, chenye kingo zilizochongeka kama jiwe la gumegume.

Pembeni ndiko kunakoanzia

Utando unaovutwa hupasuka. Utando unaobanwa huvimba. Tope la bwawa lililokauka ni mfano wa kwanza: mtandao wa nyufa, kila kipande kimejikunja kingo zake kuelekea juu. Mkeka uliosukumwa kati ya kuta mbili ni mfano wa pili: hauna pa kwenda isipokuwa kuinuka katikati. Ukiona nyufa kwenye rangi, kuna mvuto. Ukiona matuta au mikunjo inayopinda-pinda kama nyoka, kuna mgandamizo, na mshiko pale chini umeshaachia.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alichapisha kazi iliyoeleza kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo mno kuliko ile inayoshikilia chembe zake. Jibu lake: kuna nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na kwenye ncha ya kila ufa mkazo unajikusanya mara nyingi kuliko kwingineko. Waswahili tulishasema kamba hukatikia pabovu. Griffith aliupa ubovu huo hesabu.

Kwenye chuma kilichopakwa, pabovu panajulikana mapema. Ni kwenye kona, kwenye kingo za bati lililokatwa, kwenye vichwa vya bolti, kwenye mshono wa welding na vile vidonge vya chuma vinavyoruka na kuganda wakati wa kuchomelea. Rangi ikiwa majimaji hukimbia ncha kali, kwa hiyo hapo huwa nyembamba kuliko popote. Tena mwisho wa utando ndipo nguvu ya kung'oa inapokusanyika: katikati, kila kipande cha rangi kinavutwa na jirani wa kulia na wa kushoto, wanasawazishana, pembeni hakuna jirani, mzigo wote unaangukia mshiko. Fundi anayeijua kazi hupitisha brashi kwenye kona na mishono kwanza, akiisugua rangi iingie, ndipo arudi kupaka uso mpana. Akianza na uso mpana na kumalizia kona harakaharaka, utamjua baadaye.

Kikulacho ki nguoni mwako

Kuna uzushi mwingine kwamba rangi huzuia maji yasifike kwenye chuma. Rangi karibu zote hupitisha maji na oksijeni kidogo kidogo. Inachofanya rangi nzuri ni kushika chuma kiasi kwamba maji hayo yakifika hayapati nafasi ya kukusanyika, na kuzuia chembe zenye chaji, hasa za chumvi, zisizunguke kwa urahisi.

Chumvi ikiwa tayari iko chini ya rangi, hadithi ni nyingine. Maji hupenda kwenda palipo na chumvi. Yanapenya kwenye utando kutoka nje, yanaikuta chumvi, yanakaa hapo, mengine yanafuata. Shinikizo linapanda, na rangi inainuka lengelenge. Litoboe na utaona maji. Chumvi yenyewe haihitaji kutoka baharini. Jasho la kiganja cha mtu aliyeshika chuma baada ya kusafishwa linatosha. Nimewahi kusikia juu ya malengelenge yaliyojipanga kwa umbo la vidole, na sikushangaa.

Kisha kutu. Chuma kikigeuka kutu, ujazo wake unaongezeka, mara mbili hadi hata mara sita kutegemea aina ya kutu na maji iliyoyabeba. Ni kama kuingiza jeki chini ya rangi na kuipandisha polepole. Rangi iliyokuwa imewambwa sasa inasukumwa pia kutoka chini, na kila ikiinuka, ufa mpya unaingiza maji zaidi.

Suala la ujazo ndilo linaloamua pia kama metali inaweza kujikinga yenyewe. Mwaka 1923 watafiti N. B. Pilling na R. E. Bedworth walipendekeza kulinganisha ujazo wa oksidi, yaani kile metali inachogeuka ikiungana na oksijeni, na ujazo wa metali iliyoizaa. Kwa magnesi ni kama 0.81: vazi ni dogo kuliko mwili, linapasuka. Kwa aluminiamu ni 1.28: linaenea na kubana kidogo, ndiyo maana utando wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikroni) unailinda. Hesabu hiyo si sheria kwa kila metali, lakini inaonyesha kwa nini chuma, ambacho oksidi yake huchukua takriban mara mbili ya ujazo wa metali yenyewe, kina vazi lisiloweza kutulia juu yake.

Nikiri langu hapa. Niliwahi kupaka nondo za dirisha alfajiri, nikiwahi kabla jua halijachoma. Nilikuwa nimepiga msasa jana yake, nimepangusa, nilijiona mjuzi. Chuma kilikuwa cha baridi kuliko hewa, na juu yake palikuwa na umande mwembamba usioonekana kwa macho yangu ya usingizi. Miezi michache baadaye rangi ilikuwa inavulika kama soksi, ndefu, nzima, mgongo wake laini usio na doa la kutu. Kanuni inayofuatwa na wapakaji wa viwandani ni kwamba uso wa chuma uwe na joto lisilopungua digrii 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kuganda. Sikuwa na kipimo, na wala sikungoja nusu saa.

Zinki, stani na kromu

Lugha yetu imetuchanganya kidogo. Bati ni jina la metali, ambayo vitabu vingine huiita stani, na ni jina la zile karatasi za chuma za kuezekea, ambazo kwa kweli nyingi zimevikwa zinki. Tofauti hii ina maana utando unapopasuka. Zinki huliwa kabla ya chuma. Mkwaruzo mdogo ukifika kwenye chuma, zinki iliyo jirani inajitoa yenyewe na chuma kinasalimika. Chuma kilichovikwa stani kikikwaruzwa na kuachwa kwenye unyevu, mambo yanakuwa kinyume: chuma ndicho kinacholiwa, na kwa kasi. Kwa hiyo "imepasuka" si neno moja kwa kila utando. Inategemea kinachofanyika ndani ya ufa.

Hata hivyo zinki nayo ina kikomo. Chuma kinapotumbukizwa kwenye zinki iliyoyeyuka kwa digrii kama 450, katikati huzaliwa matabaka ya mchanganyiko wa zinki na chuma, magumu na yasiyopenda kupindwa. Zinki safi ya juu ni laini, inafuata. Ukikunja kwa kona kali chuma chenye vazi nene la namna hiyo, upande wa nje wa kona unavutwa, matabaka ya chini yanapasuka, na magamba yanaruka. Kukunja kwanza ndipo uchovye ni utaratibu wa busara pale inapowezekana.

Na hapa tukutane na imani kwamba utando mgumu ndio bora. Kromu nene inayowekwa kwa umeme kwenye mitaimbo ya mashine ni ngumu kweli, haikwaruziki ovyo. Lakini huzaliwa na mvuto mkubwa kiasi kwamba yenyewe hujaa nyufa ndogondogo. Kwa mtaimbo uliotulia si neno. Kwa mtaimbo unaopindwa huku na huku mara milioni, ufa wa kwenye kromu unaweza kuingia ndani ya chuma na kuendelea na safari, hivyo kitu kilichovikwa kikachoka mapema kuliko ambacho hakikuvikwa. Aidha, uwekaji kwa umeme huingiza hidrojeni ndani ya chuma, na chuma cha nguvu kubwa huwa chepesi kuvunjika kwa sababu hiyo. Ndiyo sababu vipande vya namna hiyo huokwa kwa saa kadhaa kwenye joto la karibu digrii 190 hadi 200 mara baada ya kuvikwa, hidrojeni itoke.

Kuchoka huko kwa mikunjo midogo ya mara kwa mara ndiko kunakoua tando nyingi ambazo siku ya kwanza zilifaulu kila jaribio. Hakuna siku moja mkazo ulipozidi kipimo. Mlango unatikisika, mashine inatetema, mchana na usiku vinapishana, na ufa unaongezeka kwa kiasi kisichopimika kwa rula.

Kujua kabla ya kupaka

Kuna jaribio rahisi lisilohitaji maabara, na toleo lake rasmi hutumika viwandani. Chukua kisu chenye makali, chora mistari sita sambamba hadi kwenye chuma, kisha mingine sita ikikatiza ile, upate vijumba vidogo vya mraba vya milimita mbili hivi. Bandika utepe wa gundi juu, ubonyeze kwa kidole, uuvute. Kila mstari uliouchora umetengeneza pembe mpya, yaani umempa mkazo mahali pengi pa kuanzia. Vijumba vyote vikibaki, rangi ya zamani inastahili kubebeshwa mkono mwingine. Vikitoka nusu, usijidanganye kwamba rangi mpya itaishika ile ya zamani. Itakachofanya ni kuivuta.

Palipobanduka tayari, usipake juu ya shimo na kingo zake. Ingiza ncha ya kisu chini ya ukingo na usukume. Rangi itakayoinuka bila ubishi ilikuwa imeshakufa, hata kama kwa juu inang'aa. Endelea kuizunguka sehemu hiyo. Mara nyingi doa la ukubwa wa sarafu huishia kuwa la ukubwa wa sahani. Kisu kikigoma kupenya, hapo ndipo pa kuanzia msasa, ukiupunguza ukingo huo taratibu hadi kidole kikipita kisihisi ngazi kati ya rangi na chuma.